Utitiri wanaokula utitiri: nilivyoacha kupiga dawa kwenye matango, na siku niliyokaribia kuwaua wasaidizi wangu

JaniLaChini (mwenye uzi)

Wadau, habari za shughuli. Watu kama saba hivi wameniandikia faraghani wakiuliza habari za utitiri wawindaji, na kila mara najikuta narudia maneno yale yale. Nayaweka hapa yote niliyopitia ili atakayekuja baadaye ayakute. Ni marefu, mnivumilie.

Nalima matango ndani ya kitalu nyumba. Kuna msimu nilipiga dawa mara kumi na moja kwa ajili ya utitiri wekundu peke yao. Nilizungusha dawa za aina tatu. Kila nikipiga, siku mbili tatu majani yanatulia, napata moyo. Ikifika siku ya nane au ya tisa, vile vidoa vyeupevyeupe vimerudi juu ya jani, nikiligeuza nakuta utando na kitu kama vumbi linalotembea. Mwishowe niling'oa mistari miwili nikaichoma kabla haijamaliza kuzaa. Iliniuma sana, maana maelekezo ya kwenye kibandiko nilikuwa nimeyafuata neno kwa neno.

Baada ya hasara ile ndipo nikakaa nikamsoma huyu adui. Jina lake la kitaalamu ni Tetranychus urticae. Ana miguu minane, ukoo wake ni wa buibui na kupe, ndiyo maana dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Joto likiwa nyuzijoto 30 hivi, kutoka yai hadi utitiri mzima anayetaga ni kama wiki moja. Jike mmoja hutaga mayai hata mia na ushei maishani mwake. Jike ambaye hajakutana na dume naye hutaga, na mayai yake yote hutoa madume. Kwa hiyo mmoja tu aliyenasa kwenye shati lako anatosha kuanzisha ukoo. Hula mimea ya spishi zaidi ya 1,000. Na kuhusu usugu, viambato amilifu zaidi ya 90 vimeripotiwa kushindwa naye sehemu mbalimbali za dunia. Mwaka 2011 wanasayansi walipochapisha ramani ya jeni zake walikuta amejaliwa jeni nyingi mno za kuvunja sumu. Mimi na bomba langu tulikuwa tunamchuja tu: wanyonge wanakufa, sugu wanabaki wanazaliana.

Kilichonimaliza zaidi ni pairethroidi niliyokuwa napiga kwa ajili ya wadudu wengine. Dawa za kundi hilo huua wawindaji wa asili kwa urahisi kuliko zinavyomuua utitiri mwekundu mwenyewe, na zinamfanya atawanyike mimea mingine. Yaani nilikuwa nafukuza walinzi halafu nashangaa wezi wametoka wapi.

Mwindaji niliyemtumia mimi anaitwa Phytoseiulus persimilis. Naye ni utitiri, umbo la tunda la pea, rangi ya chungwa iliyoiva, anang'aa, miguu mirefu, na anakimbia. Chakula chake ni utitiri wa jamii ile ile inayosokota utando, basi. Jike mzima kwa siku anamaliza mayai yapata ishirini, au utitiri wazima watano hivi. Kwenye joto la wastani anakua kwa karibu nusu ya muda anaohitaji adui, kwa hiyo mbio za kuzaana anazishinda yeye, mradi umemleta mwindaji adui wakiwa bado wachache.

Sasa makosa yangu, maana ndiyo mnayoyahitaji.

La kwanza: chupa ya kwanza ya wawindaji yote ilikufa. Niliwamwaga siku ishirini baada ya pairethroidi ya mwisho nikidhani muda umetosha. Nilikuwa nimeangalia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zile ni siku za mlaji wa tango. Kwa utitiri mwindaji anayetembea juu ya jani usiku na mchana, mabaki ya dawa hizo yanaweza kumuua hata wiki nane hadi kumi na mbili baadaye. Siku ya tatu nilipekua majani hamsini nisimwone hata mmoja. Kwa hiyo kabla hujanunua wawindaji, fungua daftari lako uone ulipiga nini miezi mitatu iliyopita. Kama huna daftari, anza leo.

La pili nusura niharibu kila kitu. Nilisubiri, nikapanda upya, nikaleta chupa nyingine mapema, nilipoona tu majani manne matano yenye vidoa. Wiki ya pili asubuhi nageuza jani, nakuta utitiri wekundu wanakimbia huku na huku. Moyo ulinilipuka. Nilijua tu kwamba nimeshindwa tena. Nilikwenda nikachanganya dawa, bomba likawa mgongoni. Kilichonizuia ni kwamba lenzi ilikuwa mfukoni, nikasema niangalie mara moja ya mwisho. Yule "mwekundu" alikuwa ameinamia yai, na lile yai lilikuwa linanywea.

Angalieni tulivyojitega wenyewe kwa jina. Adui tumemwita utitiri mwekundu, kumbe mara nyingi huwa wa kijani hafifu mwenye madoa mawili meusi ubavuni, na mwekundu kwelikweli unayemwona akikimbia anaweza kuwa ndiye mwokozi wako. Hata hivyo rangi peke yake isikutoshe, kwa sababu adui naye ana aina nyekundu, tena kwenye nchi za joto imejaa. Na kwenye nchi za baridi majike wake hugeuka rangi ya chungwa wanapojificha kusubiri baridi ipite. Angalia mwendo: adui hujivuta, amekaa ndani ya utando wake, mwindaji hatulii, anapita akipapasa kwa miguu ya mbele kama mtu anayetafuta kitu gizani, na kweli ni kipofu, hana macho. Angalia mayai pia. La adui ni duara kabisa, dogo kama tone la maji. La mwindaji ni refurefu, karibu mara mbili kwa ukubwa, na lina wekundu kwa mbali. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha, ya 15 au 20 ni bora zaidi.

Nilimwaga ile dawa shimoni. Wiki tatu baadaye majani mapya yalikuwa yanatoka safi.

---

Hoho_Tatu

Asante sana kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Swali la mtu anayeanza: hao wawindaji wakishamaliza utitiri, watageukia matango?

---

JaniLaChini

Hapana. Huyu persimilis hana uwezo wa kuishi kwa mmea. Chakula kikiisha anahama au anakufa njaa, na kabla ya hapo huanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Hilo ndilo jema lake na ndilo tatizo lake pia, maana adui akirudi mwezi ujao huna mlinzi, unaleta wengine. Usitarajie umwage mara moja umemaliza msimu.

---

ShinaNene

Mkuu nakupongeza, lakini niseme wazi: nimejaribu hawa viumbe kwenye nyanya na hawakunisaidia chochote. Nilifuata muda wa dawa, nikamwaga wengi, wiki mbili baadaye nyanya zimeunguzwa zote. Kwa hiyo tusiwape watu matumaini makubwa.

---

Mchungaji_wa_Majani

ShinaNene, kilichokupata kwenye nyanya kinaeleweka. Shina na majani ya nyanya yana vinyweleo vyenye vitone vya gundi kichwani, ukishika unaona mkono umekuwa wa kijani na unanata. Utitiri mwindaji ananasa humo, na hata asiponasa mwendo wake unakuwa wa kusuasua. Wawindaji waliolelewa kwenye majani ya maharage ukiwaleta moja kwa moja juu ya nyanya wanapata shida zaidi. Kuna wazalishaji wanaowalea kwanza kwenye nyanya ili wazoee. Mwindaji mwingine, Amblyseius swirskii, ndiye kabisa, kwenye nyanya hafai.

Tango, hoho, stroberi, waridi, maharage, biringanya: huko ndiko wanakofanya kazi kwa raha. Nyanya inahitaji mpango tofauti, na wengi huegemea kunguni wawindaji badala ya utitiri.

Nina la kuongeza kuhusu upofu aliousema mwenye uzi, kwa sababu mimi ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Mtu asiye na macho anampataje adui mwenye ukubwa wa nusu milimita kwenye shamba zima? Miaka ya 1980 watafiti wa Uholanzi, akina Maurice Sabelis na Marcel Dicke, walionyesha kwamba jani la haragwe likishambuliwa na utitiri hutoa harufu ambayo jani zima halitoi, na persimilis huifuata harufu hiyo. Wakimpa njia mbili za hewa, anakwenda kwenye ile yenye harufu ya jani lililoumwa. Mmea unaita, mwindaji anaitika. Tangu nilijue hilo sijawahi kutazama jani lenye vidoa kwa jicho lile la zamani.

---

ShinaNene

Hapo nimekuelewa, na ningeambiwa mapema ningeokoa msimu. Muuzaji aliniambia "mazao yote". Nashukuru.

---

StroberiUwazi

Mimi niko shamba la wazi, stroberi, hakuna kitalu. Huku persimilis peke yake hakunitosha, kwa sababu jua likipanda hewa inakauka mno. Mayai yake yanataka unyevu wa hewa wa asilimia 60 kwenda juu, chini ya hapo yanasinyaa yasianguliwe. Joto likizidi nyuzijoto 30 naye anapunguza kula, wakati adui ndio kwanza sherehe yake inaanza.

Nilihamia kwa Neoseiulus californicus. Huyu hali kwa pupa kama mwenzake, lakini anavumilia joto na ukavu, na utitiri wakiadimika anaishi kwa chavua na vijidudu vingine vidogo. Nawaweka mapema kabla sijaona kitu, wakae kama askari wa zamu. Pakizuka mlipuko sehemu fulani, pale naongeza persimilis. Wawili hawa pamoja wamenipa utulivu ambao dawa haikuwahi kunipa.

Jambo jingine ni vumbi. Mistari iliyo kando ya barabara ya vumbi ndiyo huanza kushambuliwa kila mwaka. Siku hizi namwagia barabara maji na kuosha majani ya pembeni. Na mbolea ya naitrojeni nimepunguza, majani yaliyonona kupita kiasi ni karamu ya utitiri.

---

Hoho_Tatu

Na kwa hoho? Adui yangu mkubwa ni vithiripi (wale wadudu wadogo wembamba) na nzi weupe. Utitiri wekundu wapo lakini si wengi.

---

Mchungaji_wa_Majani

Hapo ndipo nyumbani kwa swirskii. Asili yake ni nchi za mashariki ya bahari ya Mediterania, akaanza kuuzwa kibiashara yapata 2005. Anakula mayai na watoto wa nzi weupe, na anakula vithiripi wakiwa wachanga kabisa, wale waliotoka tu kwenye yai. Kithiripi mzima hamwezi, kwa hiyo usimpime kwa kuhesabu wazima siku ya pili. Utaona tofauti kizazi kinachofuata, kwa kuwa hakitazaliwa.

Hoho inamfaa kwa sababu mbili. Ua lake lina chavua, na chavua ni chakula chake tosha, kwa hiyo unaweza kumweka mmea ukianza kutoa maua hata kama hakuna adui, naye akazaana akisubiri. Pili, geuza jani la hoho uangalie pale mshipa mkubwa unapogawanyika: pana kishungi cha nywele. Mle ndimo anamotaga na kupumzika. Mmea umemjengea chumba.

Kuna historia hapa wengi hawaijui. Almería, kusini mwa Hispania, kuna bahari ya vitalu vya plastiki. Mwishoni mwa 2006 maabara za Ujerumani zilikuta kwenye hoho za kutoka huko mabaki ya isofenphos-methyl, dawa isiyoruhusiwa. Wanunuzi wakagoma. Wakulima waliokuwa wakisema kwa miaka kwamba wadudu rafiki ni nadharia ya vitabuni walihamia kwao kwa wingi ndani ya misimu michache tu, na swirskii ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Nasisitiza kwamba waliweza kwa sababu mwindaji anayefaa zao lao, joto lao na adui wao alikuwa tayari amepatikana. Mapenzi peke yake yasingetosha.

Ukinunua wa vifuko, vile vya kutundika, ujue ndani mna pumba na utitiri wa pumba ambao ni chakula cha mwindaji. Kifuko ni kiota, wanatoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usikichane. Usikitundike juani. Kiweke ndani ya kivuli cha majani, kimguse mmea ili wapate daraja.

---

MuhogoWaBibi

Natoka nje kidogo ya vitalu, kwa kuwa naona watu wanadhani jambo hili ni la wenye mtaji na plastiki. Kazi kubwa kuliko zote ya utitiri wawindaji barani kwetu ilifanyika kwenye mihogo, bila mkulima kununua chupa hata moja.

Utitiri wa kijani wa muhogo, Mononychellus tanajoa, ulionekana Afrika mara ya kwanza Uganda mwaka 1971. Ulitoka Amerika Kusini, ukaja peke yake, wawindaji wake wakabaki kule. Ukatapakaa ukanda wote wa mihogo. Wanaoukumbuka wanakumbuka ncha za mihogo zilivyokuwa zinabaki kama mshumaa, majani machache yamekunjamana na yana madoadoa, wakati wa kiangazi ndio kabisa. Nani angepiga dawa muhogo? Hakuna hesabu inayokubali.

IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, na washirika wake wakarudi kule kule adui alikotoka kutafuta wawindaji wake. Spishi kadhaa zilizoletwa mwanzo hazikushika, zilikufa kila utitiri wa kijani walipopungua. Aliyeshika vizuri kuliko wote alitoka Brazili, Typhlodromalus aripo, akaachiliwa kwanza Benin mwaka 1993. Huyu mchana anakaa ndani ya ncha changa ya mmea, kwenye kikonyo cha majani yasiyofunguka, usiku anashuka kuwinda kwenye majani ya chini yake. Utitiri wa kijani wakiadimika, chavua ya mahindi inamshikiza. Alisambaa mwenyewe shamba kwa shamba, nchi kwa nchi. Mashamba alikofika, utitiri wa kijani walipungua sana, na vipimo vya Afrika Magharibi vilionyesha mavuno ya mihogo kupanda kwa takriban theluthi moja.

Ukitaka kujua kama yupo kwako, fungua ncha ya muhogo taratibu asubuhi uangalie kwa lenzi. Aina za mihogo zenye ncha ya manyoya zinamhifadhi vizuri zaidi kuliko zenye ncha laini. Hili ningependa wachagua mbegu walikumbuke, maana mara nyingi tunatazama mzizi tu.

---

JaniLaChini

MuhogoWaBibi, hili sikulijua. Asante kwa kuliandika.

---

Bomba_Lita16

Wadau nipo katikati ya tatizo. Nimepokea chupa mbili za persimilis jana jioni, nikaziweka kwenye jokofu pamoja na vinywaji. Leo nimemwaga, unga tu, sioni kinachotembea. Nimeuziwa mchanga?

---

JaniLaChini

Usilaumu kwanza. Jokofu lako liko nyuzijoto ngapi? Hawa wanataka ubaridi wa nyuzijoto 8 hadi 10 hivi. Jokofu la vinywaji mara nyingi liko chini ya hapo, na kule nyuma karibu na bati ni karibu na barafu. Na hata wakihifadhiwa sawasawa, ni siku moja au mbili tu; ndani ya chupa hawana cha kula, wanamalizana.

Fanya hivi sasa: chukua kijiko kimoja cha ule unga, umwage juu ya karatasi nyeupe, kaa nayo kivulini penye joto la kawaida dakika kumi na tano, uangalie kwa lenzi. Waliopoa tu wataanza kutembea. Hili ni zoezi la kufanya kila chupa inapofika, kabla hujatia sahihi, kabla hujamwaga.

Kwa wengine: wawindaji hupenda kupanda juu, kwa hiyo chupa iliyosimamishwa wote wanakuwa shingoni. Ukimimina mwanzo wa mstari unamwaga kijiji kizima, mwisho wa mstari unamwaga unga mtupu. Ilaze chupa, izungushe taratibu mikononi kama unavyobingirisha gogo, rudia kila baada ya hatua chache. Mwaga asubuhi au jioni, jua lisiwe kali, juu ya majani yenye adui. Kiasi ninachotumia ni wawili kwa mita ya mraba nikiwa sina uhakika kama adui yupo, sita nikiona vidoa vya hapa na pale, na ishirini au zaidi pale palipoungua. Pale palipoungua ndipo pa kumaliza chupa. Kugawa sawasawa kitalu kizima kwa ajili ya uadilifu ni kupoteza.

---

Bomba_Lita16

Nimefanya kama ulivyosema. Wanatembea! Si wote, kama nusu. Nawamwaga jioni hii kwenye kona iliyoungua.

---

SabuniNaMafuta

Naomba nipingane kidogo na mwenye uzi. Kona ikishakuwa na utando mzito, mimi siwezi kuwaachia wawindaji peke yao. Nakata majani mabovu zaidi nayatoa kwenye mfuko uliofungwa, kisha napiga sabuni ya mimea au mafuta ya bustani pale tu, chini ya majani. Hizo zinaua kinachoguswa zikiwa bichi, zikikauka hazina mabaki ya kumdhuru mwindaji. Kesho yake au kesho kutwa ndiyo namwaga chupa. Idadi ya adui imeshuka, uwiano unakuwa upande wangu. Mwindaji mmoja kwa adui kumi anashinda. Mmoja kwa mia anashiba tu huku mmea unakufa.

---

JaniLaChini

Sipingi, nakubali kabisa, na ni kosa langu kutoliandika. Ningeongeza tu kwamba sabuni hiyo inawaua na wawindaji waliokwisha kuwepo, kwa hiyo angalia kwanza kwa lenzi. Ukikuta mayai marefu tayari yapo kwenye hilo jani, weka bomba chini.

---

StroberiUwazi

Na dawa za ukungu wadau, tusizisahau. Watu wanaacha viuatilifu vya wadudu, wanaendelea na mankozebu kila wiki, kisha wanashangaa wawindaji hawaongezeki. Mankozebu inajulikana kwa kuwadhuru utitiri wawindaji, hasa ikirudiwarudiwa. Salfa nayo si rafiki yao, ya unga au ya kuvukizwa. Abamektini, dawa ya wadudu na utitiri, inawaua, ingawa mabaki yake hayakai muda mrefu kama pairethroidi. Kabla ya kupiga chochote, muulize muuzaji wa wawindaji jedwali la madhara ya dawa hiyo kwa spishi ile ile unayoitumia. Wazalishaji wakubwa wanazo na wanazitoa bure.

Historia ya matufaha inafundisha hili vizuri. Kabla ya vita vya pili vya dunia utitiri wa matufaha, Panonychus ulmi, hakuwa tatizo kubwa. Ikaja DDT na wenzake, wawindaji wakafagiliwa, na utitiri huyo akawa janga la bustani za Ulaya na Marekani. Kilichofanyika baadaye ni kupunguza dawa mpaka wawindaji wa pale pale warudi, akina Typhlodromus pyri. Hakuna aliyewavumbua. Walikuwepo miaka yote.

---

Mchungaji_wa_Majani

Nakazia, na niongeze moja la usalama. Tafadhali mtu asisafirishe utitiri kwenye begi kuvuka mpaka kwa sababu ameona video. Nchi nyingi zinataka kibali kwa kila spishi, na kwa sababu nzuri: mwindaji mgeni anaweza kuwala au kuwasukuma wawindaji wa kwenu, na pamoja naye unaweza kuingiza adui mpya. Uliza kwanza spishi zipi zinaruhusiwa na zipi tayari zipo kwenye mazingira yenu.

---

Hoho_Tatu

Swali la mwisho kwangu: najuaje kama wanashinda? Majani yangu bado yana vidoa vile vile, siku kumi sasa.

---

JaniLaChini

Vidoa vya zamani havifutiki, jani lililonyonywa limenyonywa. Ukitazama hayo utakata tamaa bure. Tazama majani matatu ya juu yaliyofunguka baada ya kumwaga.

Mimi kila Jumamosi nageuza majani 40, yale yale ya kimo cha kifua, mistari yote, na naandika mambo mawili tu: jani lina adui, ndiyo au hapana; jani lina mwindaji au yai lake, ndiyo au hapana. Wiki ya kwanza nilikuwa na adui kwenye majani 14, mwindaji kwenye 2. Wiki ya pili adui 17, mwindaji 9. Hapo ndipo wengi wanakimbilia bomba, kwa kuwa adui ameongezeka. Lakini soma ile namba ya pili. Wiki ya tatu adui 11, mwindaji 13. Wiki ya tano adui 2.

Na mkipunguza majani ya chini, msiyatoe nje siku hiyo hiyo kama ni yale yenye mayai ya mwindaji na adui ni wachache. Yaacheni chini ya mmea siku mbili tatu, watapanda wenyewe. Niliwahi kubeba nje magunia mawili ya majani, nikaja kugundua nimebeba jeshi langu.

---

Bomba_Lita16

Narudi na mrejesho, leo siku ya tisa. Asubuhi niliona wekundu wengi wanakimbia kwenye ile kona, nikaogopa, nikasema basi. Nikakumbuka uzi huu, nikatoa lenzi. Mayai ya duara yapo, lakini mengi yamebaki maganda, yamenywea. Kando ya mshipa wa jani nimeona matatu marefurefu, yana wekundu kidogo. Nimehesabu majani 40: adui 19, mwindaji 12. Nahesabu tena Jumamosi.